Liemba ni ile ile, au limebaki jina tu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Kirando, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Babu yangu mzaa baba alikuwa mchochea moto ndani ya meli ya Liemba, akaacha kazi miaka michache kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika. Juzi kwenye msiba kulizuka ubishi mkali. Wengine wanasema Liemba hii ni ile ile ya Mjerumani, iliyozamishwa na kuibuliwa. Wengine wanasema chuma hakiwezi kukaa majini miaka minane kisha kikafanya kazi, kwa hiyo ya zamani iliozea huko chini na hii ni nyingine iliyopewa historia yake. Pia sijapata mtu wa kunieleza babu alikuwa anafanya nini hasa. Moto wa nini ndani ya meli? Tuna picha yake moja akiwa kwenye mitambo, haina tarehe. Inaweza kutueleza chochote?

Jibu: Marahaba. Nianze na ubishi wa msibani, maana huo una jibu lililonyooka. Ganda la Liemba, yaani mwili wake wa chuma, ni lile lile la Mjerumani. Meli iliyoundwa Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, mwaka 1913, ndiyo iliyozamishwa, ndiyo iliyoibuliwa, na ndiyo waliyoipanda abiria wa Kirando enzi zote hizo. Ila wanaosema kuna kitu kilikwisha nao hawakuota. Mitambo ya mvuke aliyoihudumia babu yako iliondolewa miaka ya 1970, zikafungwa injini za dizeli. Ukiingia kwenye chumba cha mitambo kutafuta mahali alipokuwa anasimama, mlango wa tanuri hutauona.

Kuhusu kutu, mimi ni mhandisi wa mitambo ya meli na swali hilo naulizwa mara nyingi. Ila huwezi kulielewa jibu bila kujua kwanza meli hiyo ilifikaje ziwani, kwa sababu watu walioiunga ndio waliokuja kuizamisha.

Kutoka baharini hakuna njia ya meli kuingia Tanganyika. Chombo chochote kikubwa cha chuma kilichoelea humo kililetwa vipande vipande. Kiwanda cha Meyer kiliiunga meli kwanza kwa bolti kule Papenburg ili kuhakikisha kila tundu linakutana na mwenzake, kisha kikaifungua yote na kuipanga kwenye masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakapakiwa Hamburg, yakashushwa Dar es Salaam, yakapandishwa treni ya Reli ya Kati, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Hapo Kigoma ndipo ilipoanza kazi ya ribiti, yaani misumari minene ya chuma inayounga mabamba. Kila ribiti ilipashwa moto mpaka ikawa nyekundu, ikasukumwa kwenye tundu la mabamba mawili yaliyopandana, mtu mmoja akakizuia kichwa chake upande huu, mwingine akaiponda upande wa pili ingali laini. Ribiti ikipoa inasinyaa, na kusinyaa huko ndiko kunakoyabana mabamba mpaka maji yasipite. Meli ina urefu wa mita 71 na upana wa mita 10 hivi. Ribiti zake ni maelfu kwa maelfu. Waliozipiga ni vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi, wakisimamiwa na waunda meli watatu waliotumwa kutoka Papenburg: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Wanaoiita meli ya Mjerumani wasisahau mikono hiyo mingine.

Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915 kwa jina la Goetzen, gavana aliyekuwa madarakani Vita vya Majimaji vilipozuka. Ilikusudiwa abiria na mizigo, lakini Vita Kuu vilikuwa vimeshaanza, hivyo ikaanza maisha kwa kubeba askari, na ikafungwa mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg iliyoangamia delta ya Rufiji. Mambo ya vita yameandikwa sana, siyarudii.

Julai 1916 Wajerumani waliona Kigoma haishikiki tena. Meli isingeachwa iangukie mikononi mwa adui, na kazi ya kuizamisha wakapewa wale wale watatu walioiunga. Hawakuilipua. Waliipaka mitambo tabaka nene la grisi, wakaijaza meli mchanga, wakaizamisha taratibu tarehe 26 Julai karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, kwenye kina cha mita 20 hivi. Kumbuka ziwa hili lina sehemu zenye kina cha zaidi ya mita 1,400. Anayetaka meli ipotee milele anaipeleka kwenye kilindi na kuifungulia maji. Wao walichagua maji mafupi, wakapoteza muda kupaka grisi. Mimi sioni maelezo mengine zaidi ya kwamba walitaka siku moja iibuliwe.

Sasa tuje kwenye kutu. Ili chuma kishike kutu lazima kikutane na maji na oksijeni kwa pamoja. Chumvi huharakisha, kwa sababu kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaopita kwenye chuma na maji yanayokizunguka, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Tanganyika ni maji baridi. Tena yana ualkali, pH yake (kipimo cha asidi na ualkali) inakaribia 9, na maji ya namna hiyo hukila chuma polepole kuliko yenye asidi. Mchanga uliojaa ndani nao hupunguza oksijeni inayofika kwenye chuma kilichofukiwa. Kwa ganda peke yake hayo yangetosha kabisa. Bamba la meli likipungua milimita moja bado linaelea, hakuna wa kugundua bila kipimo.

Mitambo ina hesabu nyingine. Silinda, pistoni na shingo za krenki (mhimili uliopinda unaozungushwa na pistoni) zimesuguliwa kwa vipimo vidogo mno. Kutu kidogo tu inatosha kuzifanya zisibane mvuke. Grisi ndiyo iliyoziokoa hizo, kwa sababu maji hayapenyi kwenye grisi nene wala haiyeyuki ndani ya maji. Chini kule hakuna jua la kuikausha wala mkono wa kuifuta.

Kwa hiyo mwambie anayebisha kwamba miaka minane kwenye maji baridi, mitambo ikiwa imepakwa grisi, si muda wa kutisha. Mimi ningeogopa zaidi kile kipindi cha katikati. Wabelgiji waliinyanyua wakaivuta hadi Kigoma, ikazama tena kwenye dhoruba. Chuma kilichotoka majini, kikashika hewa na unyevu kwa pamoja bila kusafishwa, kinaoza haraka kuliko kilichoachwa chini. Pamoja na hayo, Waingereza walipoiibua kwa mara ya mwisho tarehe 16 Machi 1924 walikuta boila na injini bado vinafaa kufanyiwa kazi. Ukarabati ulichukua miaka mitatu. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba.

Kuanzia hapo iliendeshwa na reli, na hili lina faida kwako. Kabla ya 1948 ilikuwa chini ya Reli ya Tanganyika, na baada ya hapo chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Mwaka 1969 shirika hilo likagawanywa, reli kivyake na bandari kivyake. Babu yako alikuwa mfanyakazi wa reli aliyefanyia kazi majini. Ukitafuta karatasi zake, barua ya ajira au ya kiinua mgongo, usitafute neno meli. Tafuta neno reli.

Umeuliza moto wa nini. Stima, yaani meli ya mvuke, inaanzia kwenye boila, ambayo ni pipa nene la chuma lililolazwa, kubwa kiasi cha mtu kusimama mbele yake akaonekana mtoto. Sehemu ya chini ina matanuri. Moto unawaka ndani ya matanuri, na moshi wake wa moto unapita kwenye mabomba mengi membamba yaliyozungukwa na maji, kisha unapanda kwenye bomba kubwa la moshi unaloliona juu ya meli. Maji yanachemka, lakini kwa kuwa hayana pa kutokea, mvuke unajibana na kupata nguvu. Nguvu hiyo ndiyo inayopelekwa kwenye injini.

Injini za stima za rika hilo kwa kawaida zilikuwa na silinda tatu za ukubwa tofauti zilizosimama wima. Mvuke ukitoka kwenye boila unaingia silinda ndogo, unasukuma pistoni. Bado una nguvu, unapelekwa silinda ya kati. Bado unayo kidogo, unapelekwa ile kubwa, kama mtu anayekamua muwa huo huo mara tatu. Mwisho unaingia kwenye chombo cha kuupoza, unarudi kuwa maji, na pampu inayarudisha kwenye boila. Pistoni zinapanda na kushuka, konrodi, vyuma virefu vilivyoshikana na pistoni, zinazungusha krenki, na krenki inazungusha mhimili wa rafadha kule nyuma. Kila kitu kiko wazi. Unaziona konrodi ndefu kama mtu zikipiga juu na chini mbele ya uso wako, na mtu wa kupaka mafuta anapitisha kiganja kwenye beringi zikiwa zinazunguka ili asikie kama ipo inayopata joto. Kazi hiyo ilitaka mdundo. Ukikosea mdundo unapoteza vidole.

Babu yako alikuwa upande wa moto. Na watu wengi wanadhani kuchochea moto ni kutupa kuni tu.

Kwanza, boila baridi haiwashwi kwa pupa. Mabamba yake ni mazito, na sehemu iliyo karibu na moto hutanuka kabla ya ile iliyo mbali. Ukiharakisha, maungio yanafunguka na kuanza kuvuja. Kuanzia moto wa kwanza mpaka mvuke wa kutosha kuondokea ni saa nyingi, na kwa boila kubwa iliyopoa kabisa inaweza kuchukua usiku mzima na zaidi. Abiria wakianza kusogea gatini na mizigo yao, wachochea moto walishakesha.

Pili, kuna kuni na kuna makaa. Stima za Maziwa Makuu zilichoma kuni nyingi sana, kwa sababu makaa ya mawe yalitoka mbali na kuni zilikuwa ufukweni. Kuni huwaka haraka na kwisha haraka, hivyo mchochea moto wa kuni hapumziki. Makaa hudumu zaidi lakini huacha mabonge magumu yanayoziba hewa, na lazima yang'olewe kwa chuma kirefu huku moto unaendelea kuwaka. Baadaye stima nyingi duniani ziligeuzwa zikachoma mafuta mazito, na hapo kazi ikawa ya kurekebisha vali na kusafisha midomo ya kunyunyizia. Muulize baba yako: babu alikuwa akisimulia majivu, au mafuta? Jibu lake litakuonyesha aina ya kazi aliyoifanya kuliko cheo kilichoandikwa kwenye karatasi.

Ufundi wenyewe ni kulisha kidogo kidogo na mara kwa mara. Ukifungua mlango wa tanuri, hewa baridi inaingia na kuupiga moto. Ukiuacha wazi muda mrefu, mvuke unashuka na mtu wa injini juu anaanza kupiga kelele. Ukijaza kuni nyingi kwa mpigo, moshi mweusi unatoka na joto linapungua kabla ya kupanda. Kwa hiyo matanuri hulishwa kwa zamu, moja likipewa jingine linawaka sawasawa. Mchochea moto mzuri alijulikana kwa moshi wake. Nahodha akitazama juu akaona moshi mwepesi alijua chini kuna mtu anayejua kazi.

Kisha kuna kioo cha maji. Mbele ya boila kuna bomba dogo la kioo linaloonyesha maji yamefika wapi ndani. Hicho ndicho kitu ambacho mtu wa zamu hakitoi machoni. Maji yakishuka chini ya paa la tanuri, chuma cha hapo kinabaki na moto upande mmoja bila maji ya kukipoza upande wa pili. Kinakuwa laini, kinabonyea, na mvuke wote wa boila unatafuta njia hapo. Hakuna ajali ya stima inayoogopwa kuliko hiyo. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi na akazeeka nyumbani kwake alikuwa mwangalifu, hata kama hakupata kusifiwa kwa hilo.

Halafu Liemba ilikuwa na ugumu wake wa pekee. Stima ya baharini ikiwasha moto inakwenda siku nyingi bila kusimama, mchochea moto akauzoea mwendo mmoja. Liemba ilikuwa meli ya vijiji. Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, njiani kuna Lagosa, Kalya, Ikola, Karema, Kabwe, kwenu Kirando, Kipili, Wampembe, Kala, Kasanga na vituo vingine vidogo. Vingi vyake havikuwa na gati. Meli inasimama mbali na ufuko, inapiga honi, mitumbwi na maboti ya mbao yanaikimbilia, watu wanapanda na kushuka kwenye mawimbi, magunia ya dagaa yanavutwa kwa kamba, madumu ya mawese, kuku, vitanda. Inaweza kuchukua nusu saa, inaweza kuchukua saa tatu. Hakuna anayejua kabla.

Nahodha akitaka kusimama anavuta mkono wa kengele, injini inasimama papo hapo. Moto wa boila hauna breki. Kuni zilizoingia zitaendelea kuwaka, mvuke utaendelea kutengenezwa, na kama hautumiki utapanda mpaka vali ya usalama ifunguke na kuutupa nje kwa kishindo. Kuni zimepotea, maji yamepotea, na mafundi wa juu wamekasirika. Mchochea moto wa Liemba alilazimika kujua kituo kinakaribia kabla kengele haijalia, aache kulisha mapema, apunguze hewa, na halafu arudishe moto kabla ya kuondoka, wakati huko juu boti la mwisho bado linagombania kamba. Chumba chake kiko chini ya usawa wa maji, dirisha hana. Alihesabu kwa muda, na kwa sauti za miguu ya abiria waliokuwa wanasogea kwenye mlango wa kushukia. Wakati meli imesimama, mtu wa injini naye anafungua vali za kutolea maji kwenye silinda, kwa sababu mvuke ukipoa humo unakuwa maji, na pistoni ikiyakuta maji inaweza kupasua kifuniko.

Faida moja ya mvuke katika kazi hiyo ni kwamba injini inaondoka kutoka sifuri kwa nguvu zote, na inageuzwa kwenda nyuma kwa kusogeza vali tu. Kwa meli inayosimama kwenye mawimbi mbele ya kila kijiji, hiyo ni faida kubwa.

Zamu za melini kwa kawaida ni za saa nne. Pale mbele ya tanuri, kwenye ziwa la joto kama Tanganyika, saa nne ni nyingi. Na safari ikiisha kazi yao haikuisha. Majivu yalitolewa, mabomba ya moshi yakapigwa brashi moja moja. Kila baada ya muda boila ilipozwa, mtu mwembamba akaingia ndani kupitia tundu dogo, akagonga ukoko wa madini kwa nyundo, kwa sababu maji yakichemshwa siku zote huacha madini yake kwenye chuma, na ukoko huo ukinenepa joto halipiti. Lazima niongeze jambo lisilopendeza: boila na mabomba ya enzi hizo yalifunikwa kwa asbesto. Kama babu alisumbuliwa na kifua uzeeni, usilipuuze hilo unapoandika historia ya familia.

Kwa nini basi mvuke uliondolewa? Dizeli inawashwa kwa dakika, haihitaji kikosi cha wachochea moto, haibebi mlima wa kuni, na nafasi ya boila inageuka nafasi ya mizigo. Kwa meneja mwenye kalamu, uamuzi ulikuwa mwepesi. Mimi pia ningeamua hivyo hivyo, kwa shingo upande. Injini ya mvuke inasamehe. Beringi yake ikichakaa, karakana ya Kigoma ingeweza kuyeyusha madini na kumimina nyingine. Dizeli ikipoteza kipuli kidogo cha kunyunyizia mafuta, meli nzima inakaa bandarini ikisubiri kifurushi kutoka ng'ambo. Waliokuwa wakisubiri Liemba kwa wiki kadhaa bila taarifa walionja tofauti hiyo bila kuijua sababu yake.

Ganda liliendelea na mitambo mipya. Mwaka 1993 lilifanyiwa ukarabati mkubwa kwa msaada wa Denmark, meli ikawa ya abiria wapatao 600. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, Liemba na meli nyingine, Mwongozo, zilirudisha kwao zaidi ya wakimbizi 75,000 wa Kongo. Mwaka 2015, Warundi walipokimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, Liemba ndiyo iliyokuwa ikiwatoa kuwapeleka Kigoma, watu mia sita kwa safari, huku kipindupindu kimeshaingia kambini. Ndiyo maana hakuna serikali iliyothubutu kuifanya chuma chakavu. Mwambao wote ule, barabara zilichelewa mno.

Wanaobisha watakuuliza: kama mabamba yamekuwa yakibadilishwa, ganda ni lile lile kweli? Swali zuri. Bamba la meli huliwa zaidi kwenye mstari wa maji, ambako hewa na maji vinapokezana, na kwa ndani, chini kabisa, ambako maji machafu hukaa. Stima ina adui wa ziada huko: majivu ya makaa yakilowa hutoa asidi, na asidi hiyo hula sakafu ya chumba cha moto kimya kimya. Sehemu hizo hukatwa na kuwekwa bamba jipya. Ila siku hizi bamba jipya huchomelewa, halipigwi ribiti, na hapo mafundi wanatakiwa kuwa waangalifu. Joto la kuchomelea likifika kwenye ribiti za jirani linazilegeza, na ulichoziba hapa kinaanza kuvuja mita moja pembeni. Fundi asiyejua meli za ribiti anaweza kufuata uvujaji huo ganda zima, akiziba na kufungua. Kwa hiyo Liemba ina viraka, vingi, lakini umbo, mkuku na sehemu kubwa ya mifupa ni vya 1913. Kwa meli yoyote ya umri huo duniani inayoelea, usitarajie zaidi ya hapo.

Picha sasa. Itazame nyuma ya babu. Ukiona vyuma virefu vya wima vilivyo wazi, ngazi na vijia vya chuma vinavyozunguka mtambo mrefu kwenda juu, hiyo ni injini ya mvuke. Ukiona ukuta wa chuma wenye milango midogo ya mviringo au ya nusu duara, saa za kupimia na bomba la kioo lililosimama, yuko mbele ya boila. Vyote viwili vinaiweka picha kabla ya mabadiliko ya miaka ya 1970. Mtambo ukiwa kama sanduku refu lililofungwa pande zote, lenye safu ya mabomba membamba ubavuni, ni dizeli, na huenda babu aliendelea kufanya kazi baadaye kuliko mnavyokumbuka, au huyo si yeye. Angalia pia kofia na kifua. Herufi EAR&H, kifupi cha Kiingereza cha lile Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, zikionekana popote, kwenye kifungo, ndoo au ukuta, picha haikupigwa kabla ya 1948. Na igeuze: wapiga picha wengi wa studio walikuwa wakipiga mhuri nyuma, na mhuri wa Kigoma au wa Mpulungu utakueleza picha ilisafishwa wapi.